Mlango Unaotazama Mtaa

Swali lenyewe niliulizwa kabla chai haijaletwa. Nilikuwa nimetandaza ramani zangu kwenye meza ndefu ya chumba cha mikutano, nimeziwekea vikombe vitupu pembeni zisijikunje, naonyesha kwa kalamu sehemu ya ukuta wa kampasi tutakayobomoa. Mkuu wa usalama wa kampasi akanyanyua mkono. Alikuwa mzee mrefu, polisi mstaafu, mwenye sauti ya chini ambayo ilimfanya kila mtu anyamaze ili amsikie.

"Madam," akasema, "tuseme umebomoa huo ukuta. Watu wa mtaa wanaingia, wanatoka. Halafu siku moja anaingia mtu mbaya. Siku hiyo wewe utakuwa wapi?"

Kamati nzima ikanitazama. Mwishowe nikasema tutaweka taa za kutosha. Hata mimi mwenyewe nilisikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa dogo.

Mimi ni msanifu wa majengo, ingawa hapa Eldoret kila mtu huniita injinia na nimechoka kuwasahihisha. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kazi zetu nyingi ni nyumba za wakulima ambao mahindi yao yamelipa, au ghorofa za kupangisha. Kupewa jengo la chuo kikuu kulikuwa kama kuitwa mbele ya kanisa utoe ushuhuda: unafurahi na kuogopa kwa pamoja.

Chuo kilitaka jengo ambamo watu watakutana. Mwenyekiti wa kamati, profesa wa afya ya jamii, mama wa makamo asiyependa kuzungukazunguka, alinieleza siku ya kwanza. Wahadhiri wake walikuwa wamekaa korido moja miaka mingi bila kujua jirani anafanya utafiti gani. Mmoja alichunguza maji ya visima, mwingine magonjwa ya tumbo ya watoto. Milango yao ilitazamana, na walikuja kuzungumza kwa mara ya kwanza kwenye matanga ya mwenzao.

"Na huo mtaa hapo nje," akaendelea, "tunaenda huko na karatasi za maswali. Tunawauliza wanakula nini, wanaugua nini, tunarudi. Wao hawajawahi kuingia humu hata kunywa maji. Hiyo nataka iishe."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nilikulia mtaa huo huo, Huruma, katika chumba kimoja cha kupanga, mtoto wa watu waliotoka upande wa Kakamega kutafuta kazi. Kila asubuhi nilipita kando ya ukuta ule ule nikienda shule, na sikujua ndani kulikuwa na nini. Kazi ya nyumbani niliifanyia kitandani, nimewapa wadogo zangu mgongo wasije wakanimwagia chai kwenye daftari.

Kwa hiyo nilichora. Chini, upande wa mtaa, niliweka ukumbi na chumba kikubwa cha kusomea, ambacho mwanafunzi wa chuo na mtoto wa mtaa huo wataingia kwa mlango mmoja. Juu, badala ya ofisi za kujifungia, niliweka vyumba vidogo vya vioo vikizunguka meza kubwa za pamoja. Ua niliugeuzia mashariki, kwa maana asubuhi za hapa ni baridi na mtu hakai mahali ambapo jua halimfikii. Na katikati ya jengo niliweka ngazi pana sana, pana kuliko ngazi inavyohitaji kuwa, ili watu wakae juu yake kama wanavyokaa barazani, wapishane, wasalimiane, waulizane habari. Ngazi hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko yote.

Lakini swali la mzee lilinifuata. Lilinikuta nikikatakata sukuma wiki, lilinikuta kanisani wakati wa matangazo. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Soy, alisema mimi hata mvua ikinyesha vizuri nitaogopa mahindi yatakua marefu kupita kiasi. Alicheka peke yake. Watu wa nchi hii tunajua yaliyowahi kutokea vyuoni watu wenye bunduki walipoingia, na hatupendi kuyataja. Ndiyo sababu kila geti lina askari anayekupapasa kabla hajakusalimia. Na mimi nilikuwa nimekuja na kalamu kusema geti lingine lifunguliwe.

Wiki iliyofuata nilimtafuta mzee mwenyewe. Nilimkuta kwenye kibanda cha geti kuu, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Mzee, siku ile sikukujibu vizuri."

"Hukunijibu kabisa."

"Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

"Ningeacha ukuta." Akapuliza chai. "Lakini mimi na wewe tumeajiriwa kazi tofauti. Mimi nimelipwa maisha yangu yote ili niogope."

Karibu nimwambie kwamba mimi naogopa bure, bila hata kulipwa. Badala yake nilimwomba tutembee. Tulipita kando ya ukuta, nikamwonyesha ukumbi utakapokuwa, chumba cha kusomea, ngazi. Kila mahali aliuliza jambo moja tu: mtu akiwa hapa na kukitokea shida, atatokea wapi? Mahali pengine nilijua. Mahali pengine nilianza kueleza nikaishia katikati.

Nilirudi ofisini nikafuta na kuchora upya. Ukumbi ukapata milango pande tatu, yote ya kusukuma kwa nje. Ukuta wa upande wa mtaa ukawa uzio mfupi wa vyuma na geti pana lenye askari, la kufunguliwa mchana. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa hekima. Nilifanya kwa hofu. Kisha nikampelekea mzee ramani mpya.

"Mimi bado nataka ukuta," akasema. "Lakini tutaona."

Ujenzi ulichelewa, kama kawaida, na jengo likafunguliwa kwa hotuba na keki. Nilidhani hofu yangu ingeishia hapo. Ilibadilisha nguo tu. Sasa niliogopa kwamba hakuna mtu atakayekuja.

Na kweli hawakuja. Geti la mtaa lilikuwa wazi, askari amesimama, na watu walipita nje wakitazama vioo na sakafu iliyong'arishwa kama watu wanaopita mbele ya benki. Siku moja nilimwona mama aliyevaa gambuti zenye matope akifika hadi mlangoni. Akazivua. Akachungulia ndani akiwa na soksi. Kisha akazivaa tena, akaenda zake. Nilitamani kumfuata, lakini ningemwambia nini? Kwamba sakafu ni yake pia? Mimi mwenyewe niliichagua kwa sababu ilipendeza kwenye picha.

Huko juu mambo hayakuwa bora. Wahadhiri walikuwa wameweka mapazia kwenye vioo. Meza za pamoja zilikuwa zimejaa mitihani isiyosahihishwa. Mhadhiri wa visima na yule wa magonjwa ya tumbo sasa walikuwa wametenganishwa na pazia badala ya milango.

Nilikuwa napita pale mara kwa mara, nikijifanya nakagua maji yanayovuja. Profesa alijua nimefuata nini.

"Subiri," akaniambia. "Watu si fanicha. Huwezi kuwapanga."

Kusubiri ndiko nisikokuweza.

Kilichowaingiza watu ni mvua ya mawe. Ilianza alasiri, saa watoto wanapotoka shule, ghafla kama inavyofanya hapa, mbingu nyeupe na kelele. Barabarani palikuwa na watoto wa shule, akina mama wenye beseni za mboga, na kijana wa bodaboda aliyeacha pikipiki ikianguka. Mimi nilikuwa ukumbini, lakini sikumwambia askari wa geti la mtaa afanye chochote. Alipaza sauti mwenyewe: "Ingieni! Ingieni ndani! Mnangoja mpigwe kichwa?"

Wakaingia. Hakuna aliyevua kiatu. Matope yalitapakaa hadi katikati ya ukumbi, na mama wa usafi alisimama na mopu yake akiangalia, kisha akaiegemeza ukutani. Paa lilikuwa linavuma kiasi kwamba huko juu hakuna aliyeweza kusikia simu wala kufundisha, kwa hiyo wahadhiri nao wakatoka nyuma ya mapazia yao, wakateremka, wakakaa kwenye ngazi kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Mhadhiri wa visima alijikuta karibu na mama mmoja wa mboga, akamuuliza huoshea sukuma zake wapi. Mama akamtajia kisima. Yule wa magonjwa ya tumbo, aliyekuwa amekaa chini yao, akageuka haraka: "Kisima kipi, umesema?"

Nilikaa juu kabisa nikiwatazama.

Kesho yake baadhi ya watoto walirudi, na hapakuwa na mvua. Baada ya muda chumba cha kusomea kilikuwa kinajaa kila jioni. Miongoni mwao kulikuwa na msichana wa gredi ya nane, mwembamba, mwenye sweta iliyomzidi. Hakupenda meza. Alipenda ngazi, karibu na dirisha, ambapo jua la jioni lilikuwa linampata. Nikipita aliniamkia, "Shikamoo, madam," bila kuinua macho kitabuni.

Halafu ikaja siku ya transfoma.

Shule zilikuwa zimefungwa na jengo lilijaa tangu asubuhi. Nilikuwa ghorofa ya kwanza na fundi wa bomba, maana safari hii maji yalikuwa yanavuja kweli. Transfoma ya umeme iliyokuwa nje ya geti ikalipuka. Vioo vilitetemeka, taa zikazimika, na kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyesogea. Ndipo mtu mmoja akapiga mayowe, na nikajua sote tumefikiria jambo lile lile.

Siku hiyo wewe utakuwa wapi? Nilikuwa pale, nimeshika ukuta uliolowa.

Ukumbi ulimwagika. Milango ya pande tatu ilisukumwa ikafunguka, na watu walikuwa nje uani kabla sijafika kwenye ukingo wa ghorofa. Lakini waliokuwa juu walikuwa na njia moja tu ya kushukia, na njia hiyo ilikuwa ngazi yangu. Juu yake palikuwa na wanafunzi waliokaa, mikoba, laptopu, chupa za uji. Waliokuwa wamekaa walijaribu kusimama, na waliokuwa wakishuka walikuwa wameshafika. Na kwa kuwa nilikuwa nimeitaka iwe pana na wazi, hapakuwa na chuma chochote katikati cha mtu kushika. Niliona sweta ile kubwa ikisukumwa, ikayumba, ikaangukia mkono.

Mzee aliingia kupitia mlango wa mtaa akitembea. Sauti ile ya chini ilikuwa imekuwa kubwa kuliko kelele zote. "Ni stima! Ni stima tu, imelipuka! Tembeeni! Usikimbie, wewe, tembea!" Na watu wakaanza kutembea, mmoja mmoja, kama waliotoka usingizini.

Wengi walichubuka tu. Mkono wa msichana ulikuwa umevunjika. Nilipomfikia alikuwa amekaa akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilimsaidia profesa, aliyekuwa ameshateremka kutoka juu, kuufunga kwa leso yake, tukampeleka hospitali.

Siku zilizofuata nilienda na futi nikaipima ngazi upya, kila kidato. Vipimo vilikubaliana na sheria. Vilinifariji kutoka ngazini hadi kwenye gari, basi. Kamati ikaitishwa. Nikasikia kwamba ukuta utarudishwa, na nilipopita niliona lori limeshamwaga mawe ya kujengea karibu na geti la mtaa. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

Kabla ya mkutano niliona ni lazima nimwone mama wa yule msichana. Nilinunua mkate, sukari na maziwa, nikaenda Huruma kwa miguu. Njia ziliniingia miguuni zenyewe: mafundi wa jua kali wakigonga mabati, samaki wa omena kwenye mafuta, mifereji ya maji ya sabuni. Nilipanga maneno njia nzima. Nilijiandaa kutukanwa. Nadhani nilitamani kutukanwa.

Mama huyo alikuwa akiwafulia watu nguo kwa malipo. Chumba chake kilikuwa na kitanda, kochi lenye vitambaa vya kudariziwa, na beseni za nguo zilizofika hadi mlangoni. Msichana alikuwa kitandani, plasta mkononi, kitabu kwenye magoti. Nilikaribishwa, nikamiminiwa chai. Nikashindwa kuinywa.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyechora ile ngazi mtoto alipoangukia. Sikuweka mahali pa kushika. Pole sana."

Alinitazama. "Ile ya kukaa?"

"Hiyo."

"Huyu alisukumwa. Watu wakishikwa na uoga husukumana, hata kanisani." Akaweka birika chini. "Mimi nataka kukuuliza kitu kingine. Nimeona mawe pale getini. Wanafunga?"

"Sijui. Kamati ndiyo itaamua."

"Wewe si ndiye umechora? Unachora kitu na hujui kama kitafungwa?"

Niliangalia beseni za nguo zilizobana mlango.

"Usidhani siogopi," akasema, na sauti yake ikashuka. "Siku ile nilikimbia kutoka hapa hadi kule bila viatu. Nilijua nimempoteza. Hata sasa, mlango ukijigonga kwa upepo, naruka. Lakini wewe umekaa hapa, umeona. Nikiingiza ndoo moja zaidi, huyu anatoka nje. Atasomea wapi?"

Msichana aliinua macho kitabuni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Madam, laptopu zenu ni nyingi sana kwenye ngazi," akasema. Mamake akamkemea kwa kumkosea mgeni adabu, na mimi nikacheka, kicheko ambacho kilikaribia kuwa kilio.

Nilimwomba mama aje kwenye mkutano. Aliniuliza nani atafua nguo za watu. Nikaondoka nikiamini hatakuja.

Alikuja. Alivaa nguo ya kanisani na akakaa ukingoni mwa kiti karibu na mlango. Profesa alipompa nafasi, alisema machache, karibu kama alivyoniambia, pamoja na habari ya kukimbia bila viatu. Hakuomba kitu. Alisema tu kwamba geti likifungwa wao wataelewa, maana wamezoea, na akakaa. Neno hilo, wamezoea, lilikaa juu ya meza na hakuna aliyetaka kuligusa.

Ndipo nikasimama. Nilisema ngazi igawanywe: vyuma viwili vya kushika katikati, upande wa dirisha watu wakae, upande mwingine pasiwekwe hata kikombe. Nilisema pia kwamba nilikosa kuongeza njia ya pili ya kushukia kutoka juu, na nikaonyesha pale inapoweza kujengwa, kwa nje, bila kuvunja sana.

Wote wakamgeukia mzee.

"Mimi bado nataka ukuta," akasema. "Sitadanganya kwa sababu kuna mgeni. Lakini siku ile nilikuwa pale. Ukumbi ulikuwa mtupu kabla sijafika. Kama wangekuwa na mlango mmoja, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Hilo nalo liandikwe."

Walibishana hadi chai ikapoa. Uamuzi haukuwa wa wote, na mtu mmoja alitoka nje kwa hasira. Geti lingefunguliwa, lakini lifungwe saa kumi na moja jioni, na mtoto asiye na sare ya shule aje na mtu mzima. Sikupenda sharti hilo la mwisho. Nililinyamazia, kwa sababu niliogopa kwamba nikivuta uzi mmoja nguo yote itafumuka.

Vyuma viliwekwa, na ngazi ya nje ikajengwa. Mawe ya ukuta hayakuondolewa. Hakuna aliyesema yaondolewe wala yatumike, na nyasi zimeanza kuota katikati yake. Akina mama wa ndizi huyakalia wakati wa mchana. Mimi kila nikipita huyaangalia kwanza, kabla ya jengo.

Mkono wa msichana ulipona, ingawa haunyooki sawasawa. Amerudi dirishani. Wahadhiri wale wawili sasa wanachunguza kisima kimoja, na mara nyingine nawasikia wakigombana juu ya nani atakayeandikwa wa kwanza kwenye ripoti, jambo ambalo profesa anasema ni dalili njema.

Jumamosi moja hivi karibuni nilikuwa nyumbani nikianika nguo, simu ikalia. Alikuwa mzee. Hajawahi kunipigia Jumamosi. Nilishika kamba ya nguo kwa mkono mmoja.

"Madam, uko wapi?"

"Niko nyumbani. Kuna nini? Mzee, kuna nini?"

"Hawa wamama wa mtaa, wa kile chama chao cha kuweka akiba, wako hapa ukumbini. Walisema watakuwa wachache. Wamejaa. Viti haviko vya kutosha, na funguo za stoo profesa ameenda nazo Sugoi kwa harusi."

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande. Nilipopata pumzi nikamwambia atoe viti vya huko juu, vya kwenye meza za wahadhiri.

"Watalalamika Jumatatu," akasema.

"Acha walalamike."

Nilimaliza kuanika, kisha nikaenda hata hivyo. Nilifika wakiimba. Nikasimama nyuma, karibu na mlango, kwa sababu kweli viti havikutosha.